Nani Anatazama Kutoka Juu?

Katika filamu ya The Long Day Closes ya mwaka 1992, Terence Davies anatuonyesha zulia la nyumba ya kawaida mjini Liverpool. Mwanga wa dirishani unatambaa juu yake, unafifia, unarudi. Hakuna anayepita, hakuna anayesema neno, na kamera haibanduki. Sijaona mtengeneza filamu mwingine aliyekipa kitu duni heshima kiasi hicho.

Mimi ni Mkatoliki na bado nasali. Davies naye alilelewa Mkatoliki, kitindamimba wa familia kubwa ya wafanyakazi, akaiacha imani akiwa na miaka 22. Hakuficha sababu. Alivutiwa na wanaume, akaambiwa ni dhambi, akapiga magoti kuomba abadilishwe hadi magoti yakatoka damu. Amani hakuipata. Alifariki Oktoba 2023 akiwa bado haamini. Basi najiuliza: mtu asiyesali anawezaje kutazama kama mtu anayesali?

Katika filamu yake ya 1988, Distant Voices, Still Lives, mama ameketi kwenye kizingiti cha dirisha akifuta vioo, huku Ella Fitzgerald akiimba juu ya mapenzi. Punde tunamwona mumewe akimpiga, na wimbo unaendelea vilevile. Baba huyohuyo, usiku wa kuamkia Krismasi, anawatazama wanawe waliolala kwa upole unaouma. Siku yenyewe anavuta kitambaa cha meza, chakula chote kinamwagika. Davies hamtetei wala hamhukumu. Anamtazama tu, mpaka sisi tulio kwenye viti tunataka kulia.

Ila kipande kinachonisumbua zaidi kimo katika ile ya 1992. Bud, mvulana wa miaka 11, anabembea kwenye chuma. Kamera inapita juu yake, kisha juu ya watu walioketi sinema, juu ya waumini kanisani, juu ya wanafunzi darasani, kama safari moja, wote kwa kimo kimoja. Nani yuko huko juu?

Nina rafiki katika jumuiya yetu asemaye ni Mungu, kwamba Davies alirudishwa bila kujua. Nakataa. Kumgeuza muumini baada ya kufa ni kumnyang'anya neno alilolilipia kwa damu. Huko juu yuko mtu mzima anayewapenda watu wake bila kutaka chochote kwao, na hiyo naiita ibada. Naamini ibada ya namna hiyo iliitangulia imani, na kwamba sisi tunaokimbiza rozari ili tuwahi daladala tumeipoteza bila kuondoka kanisani.

Walezi wa vijana parokiani, waonyesheni The Long Day Closes. Ina dakika 85 tu. Ikiisha, waacheni waulize lolote, hata kuhusu sala ambayo haikujibiwa, na msiwakatize.