Je, Aliyechelewa Amefeli?



Kijana mwenzangu, wenzako uliosoma nao wameshaajiriwa, wengine wameoa, mmoja yuko seminarini. Wewe bado uko nyumbani Narung'ombe, unapalilia mikorosho, na ndugu wanauliza, "Vipi, bado tu?" Wahenga walisema kawia ufike. Hao hao wakasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sasa tushike lipi?

Tuwaangalie samaki. Kwenye madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki, Unguja ikiwemo, wapo samaki wadogo wenye rangi za kupendeza, jamii ya Nothobranchius. Dimbwi likikauka wote wanakufa, ila mayai yao hubaki hai ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Tena hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mvua hiyo ikidanganya na dimbwi likakauka tena, yaliyochelewa ndiyo yanaokoa ukoo.

Wanaowafuga nyumbani huweka mayai kwenye makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kukamuliwa, yabaki na unyevu kidogo, kisha hufunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Kutegemea aina na joto, ni kama wiki sita hadi miezi sita. Lakini hawaamini tarehe peke yake, wanachukua lenzi na kuangalia yai. Macho ya kifaranga yakionekana wazi, ndipo wanatia maji ya baridi kidogo, na ndani ya saa chache vifaranga wanaogelea. Ukiwahi mno, wengine hutambaa chini, hawawezi kuelea. Ukichelewa mno, akiba ya kiini huisha na kifaranga hukosa nguvu.

Kwa hiyo methali zote mbili ni za kweli. Mzazi au mlezi anayemsukuma kijana aoe, au aingie utawani, kwa sababu tu wenzake wameenda, anatia maji kabla ya macho. Na kijana anayesema "nangoja wakati wa Mungu" huku hasali, hajifunzi, wala hashiki jembe, anamaliza akiba yake bure.

Wiki hii usihesabu miaka ya wenzako. Soma Mhubiri sura ya 3, halafu jiulize: ndani yangu kimeshajengeka nini? Kama macho yapo, usiogope maji. Kama bado, endelea kujengeka, na mtafute paroko au mlezi wako mtazame pamoja.

Ee Bwana, utujalie kujua saa yetu. Amina.