Je, Anayetawala Uso Ametawala na Moyo?

Katika mchezo wa karata uitwao poka, husifiwa yule awezaye kuficha yaliyo moyoni. Akipata karata njema hachekelei. Akipata mbaya hakunji uso. Wenzake husema: Huyu anajitawala. Je, neno hilo ni kweli?

Fikirini mfano huu. Mkulima wa Kaniama ameuza magunia mawili ya mahindi. Faranga alizopata ni za karo ya mtoto, chumvi na sabuni. Kabla ya kurudi nyumbani anaketi kucheza. Anashindwa mara moja, mara mbili, mara tano. Uso wake umetulia kama maji ya mtungi, lakini moyoni anasema: Nimeshindwa mara tano, sasa zamu yangu imekaribia. Naye anaongeza dau.

Hapo akili yake imekwisha kutekwa. Karata ni 52, na wafalme ndani yake ni wanne. Avutaye karata moja ana nafasi moja tu katika 13 ya kupata mfalme. Zikirudishwa zote na kuchanganywa tena, hesabu ni ile ile. Karata hazikumbuki hasara ya mtu, wala hazina deni kwake. Ni hasira inayomdanganya. Wahenga walinena: Hasira hasara.

Wala mtu asidhani kwamba elimu yatosha kumkinga. Fyodor Dostoevsky, mwandishi mkuu wa Urusi, alitunga mwaka 1866 kitabu kizima juu ya mcheza kamari. Hata hivyo, mwaka 1867 huko Baden-Baden, Ujerumani, yeye mwenyewe alicheza kamari ya gurudumu mpaka nguo na vipuli vya mkewe vikawekwa rehani. Aliacha mwaka 1871.

Basi, kucheza ni dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mchezo wa bahati si mbaya kwa wenyewe. Huwa mbaya unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale anaowatunza. Tena shauku ya kamari yaweza kumfanya mtumwa. Vivyo hivyo furaha, hofu na hasira zizukazo moyoni zenyewe si wema wala ubaya. Wema au ubaya hutokana na yale ambayo mtu, kwa akili na hiari yake, anakubali kuyatenda kwa ajili yake.

Kwa hiyo anayejitawala hatambulikani kwa uso mkavu. Hutambulikana kwa mambo mawili: kabla ya kuketi, fedha ya nyumba ameiacha mikononi mwa mkewe, na akiisha kushindwa, aweza kuinuka na kwenda zake, hata wenzake wakimcheka.

Ajisikiaye moyo kuwaka mbele ya karata na ajiulize swali moja tu: Hasara hii italiwa na nani?