Sauti Ipi Itakayofufuliwa?

Mwenye kusikiliza maulidi ya akina mama kutoka nyuma ya ukuta, hapa Boko ambako kipaza sauti humfikia kila jirani, haoni uso wa msomaji hata mmoja, lakini hakosi kumtambua mwanamwali na bibi. Kwani umri, ambao hina na ushungi huweza kuusitiri, haustiriki sauti inapotoka.

Wajuzi wa elimu ya koo wametaja sababu zake. Nyuzi sauti za mwanamke kijana hutetema kadiri ya mara 200 kwa sekunde. Hedhi ikishakoma, nyuzi hizo huwa nzito na mtetemo wake hupungua, gegedu za koromeo hukakamaa, pumzi nayo hufupika, hata sauti ikashuka na kukwaruza. La ajabu ni kwamba ya mwanamume mzee aghalabu hupanda, hivyo mke na mume waliozeeka pamoja husogeleana kwa sauti, na pengine kwa hilo tu.

Imepokewa kwamba ajuza mmoja alimtaka Mtume (S.A.W.) amwombee Pepo, naye akamjibu kwa mzaha kuwa ajuza hawaingii humo, bibi akageuka analia, ndipo akapelekewa habari kuwa wataingia wamekwisha kurejeshewa ujana. Bishara hiyo siipingi. Nauliza tu kama ujana huo utarejea pamoja na sauti yake, na ile ya uzee itakwenda wapi.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipotiwa sauti katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928 alikuwa akikaribia miaka 50, na sauti ya uanawali wake haikuhifadhiwa popote. Mwimbaji mwenzake Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, ulimwengu ulimjua kwa sauti ya ukongwe, nzito, yenye mikwaruzo, wala sidhani kuwa waliomtunuku tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 walitamani nyingine. Kuiita sauti ile masazo ya ujana ni kuidhulumu miaka iliyoifinyanga. Ingawa sisemi kuwa uzee ni neema tupu, maana bibi anayekatikiwa na pumzi katikati ya kasida hakuongezewa kitu.

Nadhani, na Mola ndiye Mjuzi, kuwa atakayefufuliwa kijana atapewa koo la msichana pasi na kunyang'anywa la ajuza. Kwani wajukuu wa Boko hawakupata kuijua sauti ya bibi yao ila hiyo ikwaruzayo, nao pia watamtafuta.