Manahodha Wengi, Chombo Huenda Mrama

Wanaopenda kutawala peke yao wameigeuza methali hii kuwa ngao. Mwenyekiti akichoka kuulizwa maswali mkutanoni, huitamka kwa sauti nzito, na mjadala ukaishia hapo. Naona methali inaonewa. Haikuwakataza mabaharia kusema, wala haikudai kwamba akili zote zikae katika kichwa kimoja. Imetaja cheo kimoja tu, unahodha, ikalalamikia watu kukigombania. Chombo kina kazi nyingine tele: yupo wa usukani, yupo wa tanga, yupo wa kukumba maji, yupo wa kutazama miamba. Mrama huanza kazi hizo zinapoachwa na kila mtu akakimbilia usukani.

Lakini je, nahodha akiwa mmoja, chombo kimesalimika? Liuli wanalo jibu. Bandari hiyo ya Ziwa Nyasa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na mshindani. Ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, ya nahodha Rhoades, rafiki yake wa siku nyingi, ikafyatua mzinga. Berndt akaingia katika mashua kwenda kumkaripia mwenzake, maana hakujua kwamba nchi zao zilikuwa zimeingia vitani. Rhoades alikuwa amepata habari. Berndt akatekwa, na meli yake ikalemazwa. Amri yote ilikuwa mkononi mwake, ila hakukuwa na mtu wala njia ya kumfikishia habari iliyokuwa muhimu kuliko zote. Kiongozi wa namna hiyo hutoa amri kwa ulimwengu wa juzi.

Ukipanda kutoka ziwani hadi milima ya Umatengo, utaona kazi iliyopangwa vizuri ilivyo. Wamatengo, waliobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walijifunza kulima miteremko mikali kwa ngoro. Mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, wakaacha shimo lililozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kubeba udongo, na majani huoza yakawa mbolea. Mlima mzima hulimwa hivyo bila msimamizi wa kupiga filimbi, kwa kuwa kila mkono unajua zamu yake na unajua kazi ya nani itafuata.

Nyuma ya mashamba hayo ilikuwepo sengu. Mzee wa ukoo, wanawe na wajukuu walikula pamoja, na hapo hapo wakazungumzia ardhi, kazi na ugomvi. Mzee ndiye aliyekata neno, lakini alilikata baada ya kusikia. Unahodha ulikuwa mmoja na masikio yalikuwa mengi. Sioni mpango wa uongozi uliotimiza methali yetu kwa ukamilifu zaidi. Ndiyo maana watu wa Kindimba, Mbinga, walipoanza shughuli za maendeleo pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kamati yao waliipa jina hilo hilo la sengu.

Serikali zetu za vijiji nazo zina mgawanyo wake wa kazi kisheria. Mkutano mkuu ni wa wananchi wote wazima, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, mwenyekiti huchaguliwa, mtendaji huajiriwa, na kamati zinashughulikia fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Karatasi haina kasoro kubwa. Mrama huja mwenyekiti anapotaka kushika kitabu cha stakabadhi, mtendaji naye akaendesha mkutano kana kwamba yeye ndiye aliyepigiwa kura, na kamati ya fedha ikasikia matumizi barabarani kama wapita njia. Hapo mwanakijiji aliyechangia saruji ya darasa hajui amwendee nani kuuliza mifuko imefika mingapi, na mwaka ujao akiombwa mchango mwingine atafunga mlango.