Kirusi cha Sinema na Masista wa Kikwit



Vijana wetu walitazama filamu iitwayo Outbreak, wakaja kuniuliza kama mambo yale yaweza kutokea kweli. Ikanibidi niitazame nami, ingawa mke wangu alinicheka.

Katika filamu hiyo ya Marekani ya mwaka 1995, kirusi cha kubuniwa kiitwacho Motaba chatoka Zaire ndani ya kima, chafika mji mdogo wa California, kisha chajigeuza na kuenea kwa hewa. Jeshi lataka kuuteketeza mji kwa bomu. Dawa nayo yapatikana kabla chai haijapoa!

Virusi hubadilika, hilo ni kweli. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembe hai ya mwili na kuitumia kujinakili mara nyingi sana. Katika kunakili makosa hutokea, kama mtu anakilipo barua usiku kwa taa hafifu. Makosa mengi hayakifai kitu. Machache hukisaidia, na hayo ndiyo yadumuyo. Ndiyo maana chanjo ya influenza hutazamwa upya kila mwaka. Lakini kuacha njia ya zamani na kushika njia mpya kabisa kwa siku chache ni chumvi ya sinema. Ebola imejulikana tangu 1976, nayo bado huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Tena, amwuguaye mtu hata asiweze kusimama hatembei sokoni. Uviko-19 ulizunguka dunia mwaka 2020 kwa sababu wengi waliambukiza kabla hawajajisikia vibaya.

Sasa sikieni. Mwezi Mei wa mwaka ule ule wa filamu, 1995, dunia ilipata habari kwamba Ebola imeingia Kikwit, huko huko Zaire. Watu wapatao 250 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo masista sita wa Kiitalia, wa shirika la Poverelle la Bergamo. Sista Floralba Rondi alitangulia, Aprili 25. Baadhi ya wenzake waliomwuguza wakamfuata. Hawakuwa wa Kanisa letu, lakini sioni aibu kuwataja madhabahuni. Ugonjwa ule haukuzimwa na helikopta. Ulizimwa na glavu, aproni, barakoa, kuwatenga wagonjwa, na kuzika kwa uangalifu.

Someni Marko 1, mstari wa 40 hadi 45. Bwana alimgusa mwenye ukoma, kisha akamwagiza aende kwa kuhani akaangaliwe, kama Musa alivyoamuru. Wengi wetu tumeshika moja tu kati ya hayo mawili. Wengine wagusa bila kunawa, wakisema wana imani. Wengine wanawa na kukimbia.

Mwaka jana nyumba moja mtaani petu ilipatwa na homa na vipele. Siku nne hakuna aliyewapelekea hata maji, na uvumi ukafika hadi stendi ya basi. Nilipokwenda na debe langu, mtoto alinizuia mlangoni, akasema, "Baba Kasisi, usiingie, utakufa." Mganga wa zahanati alipofika aliona ni tetekuwanga. Mama wa nyumba ile hajarudi kanisani tangu siku hizo. Jumapili ijayo, baada ya ibada, nitakwenda kwake. Atakayefuatana nami anikute penye kengele.