Thamani ya Chungu

Ndugu yetu mmoja akaaye Amalemba, mtaa wa mji wa Kakamega, ametuuliza: je, mnunuzi apata dhambi akishusha bei ya chungu mpaka mfinyanzi akubali kwa unyonge? Swali hili si la Kakamega peke yake. Nasi wa pwani twanunua mitungi na vyetezo, na ndimi zetu sokoni zajulikana.

Karibu na Amalemba, pale Ilesi, wafinyanzi, na wengi wao ni wanawake, hupanga vyungu kandoni mwa barabara iendayo Kisumu. Mpita njia huona udongo, akadhani udongo ni wa bure. Mfinyanzi ahesabu mengine: kuuchimba na kuuchukua, kuuponda na kuutoa changarawe, kufinyanga kwa mkono, siku za kuanika, kuni za kuchomea. Kisha iko hesabu ambayo mnunuzi haioni kabisa, nayo ni ya vyungu vilivyopasuka motoni. Hasara yao huchukuliwa na vile vilivyotoka vizima.

Kale, katika sehemu nyingi za Afrika, chungu kilibadilishwa kwa nafaka ya kukijaza. Kipimo hicho kilikuwa na upungufu, maana chungu kibaya nacho hujaa sawa na kizuri. Lakini angalau njaa ya muuzaji haikuingia ndani yake.

Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei, watu wa Madina walipolalamikia ughali, alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali yuko mtu amdaiye dhuluma. Basi bei ni maridhiano, na kupatana ni halali. Asemaye ni haramu ameongeza katika dini lisilokuwamo. Lakini ni ridhaa ya namna gani? Qur'ani yakataza kuwapunja watu vitu vyao, na Imamu al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 Hijria (1273), ameeleza kuwa kupunja si kwa kipimo tu: huwa pia kwa kukitia kitu aibu na kukidharau, na kwa kumhadaa mtu katika thamani yake. Basi agongaye chungu, akasikia chalia vizuri, kisha akakunja uso na kusema kina ufa, huyo hakupatana bei. Amepunja. (Na mfinyanzi akandikaye ufa kwa udongo akauficha, hukumu yake yajulikana.)

Wako pia wachuuzi wawaendeao wafinyanzi vijijini kabla hawajajua bei ya mjini. Mtume amekataza kuwalaki njiani waletao bidhaa, na aliyenunuliwa hivyo ana hiari afikapo sokoni.

Ama yule ajuaye kuwa mama huyu hana nauli na jua latua, akangoja mpaka aregee, wako wanazuoni waliosema biashara yake yasihi, lakini ni makuruhu. Ikiwa ndugu yetu alinunua hivyo, Ilesi si mbali na kwake. Amwendee mfinyanzi, amwongeze, na amtake radhi.