Wanaobaki Kazini

Mtu akiachishwa kazi majirani humwendea na kumpa pole, maana msiba wake waonekana. Lakini mwenzake aliyebaki huambiwa, "Wewe una bahati, shukuru." Je, ni haki kumdai mtu huyu shukrani?

Watu wa Tanga wayajua mambo haya tangu zamani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge upatao tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaenea ulimwenguni, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba yakapunguza watu; mengine yakafungwa kabisa. Mzee mmoja, aliyekuwa mkataji siku zile, alinisimulia kwamba asubuhi yaliposomwa majina ya wanaoondoka alifurahi, kwa kuwa lake halikusomwa. Jioni akamwona rafiki yake ameketi mlangoni pa nyumba yake kambini, naye akageuza njia asipite pale. Aliionea haya furaha yake.

Haya hiyo si ya mzee huyu peke yake. Mwaka 1993 Mmarekani David Noer alitoa kitabu juu ya wanaobaki kazini, akayaita mateso yao ugonjwa, yaani hofu, hasira, huzuni, na kutomwamini tena bwana wa kazi.

Basi mwajiri afanyeje? Wengi huwasifu waliobaki kwamba ndio hodari. Sifa hiyo haiwatii moyo, maana wao wawajua walioondoka kuliko yeye awajuavyo. Wengine huongeza kipande: kazi ya watu kumi hupewa sita, nao wakinung'unika huonyeshwa mlango. Mimi nasema huko ni kuifanya hofu iwe mnyapara. Watu huitii kwa muda, lakini mwenye kuogopa huficha kosa lake, wala hamfundishi mwenzake, asije akachukua mahali pake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamwamuru mwajiri aeleze sababu za kupunguza watu, tena ashauriane nao juu ya njia ya kuwachagua. Wengine huliona jambo hili ni la karatasi tu. Lakini anayebaki hulitazama sana, kwa kuwa jinsi mwenzake alivyotendewa ndivyo atakavyotendewa yeye kesho.

Atasema mtu, "Mwajiri mwenyewe hana fedha, awafariji kwa nini?" Kusema kweli hakuhitaji shilingi. Kama wengine wataondolewa tena, na aseme. Kama hajui, aseme kwamba hajui. Na aketi nao wachague kazi ipi iachwe, maana mikono imepungua. Tena awape nafasi ya kuagana na wenzao.

Mzee yule hakupewa nafasi hiyo, naye mwenyewe hakuitafuta upesi. Siku ya nne alichukua unga kidogo akaenda kwa rafiki yake, akakuta mlango wazi na nyumba tupu.